Kioo Kwenye Ufa

Nilipopangiwa kazi Kibondo mwaka 2012 nilitoka kwetu Dodoma na sanduku moja la nguo, timazi ya shaba ya kupimia wima wa kuta niliyopewa na mwalimu wangu wa chuo, na mdomo mkali. Sanduku liliibiwa stendi ya Kasulu kabla hata sijafika. Hivyo viwili vingine nilidumu navyo.

Nilikuwa fundi sanifu wa ujenzi, siyo mhandisi, lakini vijijini walinibatiza mama injinia nami sikujisumbua kuwasahihisha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mume wala mtoto. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa pikipiki ya ofisi nikikagua majengo ya nguvu za wananchi. Utaratibu ulikuwa hivi: wanakijiji wanafyatua matofali, wanachoma, wanachimba msingi, wanainua kuta, na wakishafika juu ya madirisha halmashauri inaleta mbao, bati na saruji ya kumalizia. Kuta hizo zinazosubiri paa ndizo zinaitwa boma, na wilaya nzima ilikuwa imejaa maboma, mengine yameota nyasi hadi dirishani.

Ule mdomo nao ulikuwa na sababu zake. Mwanamke akifika saiti mafundi humwita dada, humpa kiti, kisha maswali yote wanamuuliza dereva. Mimi nilikuja bila dereva, nikajifunza kufoka kabla sijavua kofia ngumu. Nilikuwa nikianza kwa kelele, naendelea kwa kelele, na kuaga kwa upole kidogo ili wasinisahau kwa mabaya tu. Ilifanya kazi. Zege bovu lilimwagwa mbele yangu, matofali mabichi yalivunjwa, na nilipoondoka nilijiona hodari kweli kweli.

Nilikuwa pia na daftari. Mafundi wengi wa kule Kiswahili ni lugha yao ya pili, nyumbani wanasema Kiha, na maneno ya vitabu vyetu vya chuo yalikuwa yanawapita juu kwa juu. Basi nikaanza kuandika kila neno la ujenzi na maana yake kwa maneno ya jikoni na shambani, na Jumamosi nikiwa kijijini nilikuwa nawasomea. Msingi: miguu ya nyumba, mzigo wote wa juu unapita hapo kwenda ardhini, na mguu mmoja ukiwa mfupi mwili wote unalipia. Jamvi: zege la sakafu linalolazwa juu ya mawe yaliyoshindiliwa. Lenta: mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta zote kwa juu, kama mama anavyofunga mtoto mgongoni. Ufa niliugawa mara mbili. Kuna ufa wa lipu, ambao ni mkwaruzo wa ngozi tu, na kuna ufa wa ukuta wenyewe, unaoshuka ngazi ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, na huo ni wa mfupa. Kulikuwa na neno moja nililolipenda kuliko yote kwa jinsi nilivyolieleza. Kutitia: ardhi kushuka chini ya mzigo. Hutokea polepole, na haipigi hodi.

Nililiandika hilo kwa majivuno, nikalipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Sikujua kwamba tayari lilikuwa linatokea.

Shule ninayoisimulia ilikuwa mbele ya Kitahana, juu ya kilima chenye migomba upande mmoja na mihogo upande wa pili. Walikuwa wamejenga boma la madarasa mawili. Nilikwenda kulikagua mwishoni mwa kiangazi ili lipewe bati. Kuta zilisimama vizuri, timazi yangu ilining'inia bila kugusa popote, nami nikatafuta kosa la kufokea nikalikosa. Nikasema nataka kuuona msingi. Nichimbiwe shimo kando ya ukuta nione kina chake na ardhi iliyo chini.

Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Lilikuwa kwenye kona ya upande wa juu wa kilima, limesafishwa kingo, na kando yake kuna kigoda na soda ya kwangu imewekwa kivulini. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kule mgeni wa serikali akitangaziwa, mwenyeji hufagia, hupaka chokaa mawe ya njiani, na sufuria iliyoungua anaificha uvunguni. Hakuna ubaya ndani yake, ni heshima tu, na mimi niliipenda heshima hiyo. Nikaingia shimoni, nikapima. Mita moja kamili, mawe mazuri, na chini yake udongo mwekundu mgumu hata sururu iliruka. Nikaandika kwamba msingi unafaa.

Jengo lina kona nne. Nilitazama moja. Wingu lilikuwa limeshika kilima cha pili, njia ya kurudi huwa utelezi mvua ikishuka, na nilikuwa na njaa. Sina maelezo mengine.

Madarasa yakafunguliwa Januari ya 2013. Mwezi wa tatu mwalimu mkuu akanipigia simu kwamba darasa la mwisho, la watoto wa darasa la pili, limepata ufa na mlango wake unakwaruza chini. Nilipofika nikauona ufa umeanzia kwenye pembe ya dirisha, unashuka ngazi ngazi mpaka sakafuni. Ulikuwa mwembamba, wembe tu ungepita. Mlango nikasema ni unyevu, mbao hunywa maji masika, nikamwagiza fundi aupige randa. Ufa haukunipendeza.

Mwalimu mkuu, mtu wa Mwanza, mpole na mwenye kupenda methali, akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama injinia. Nimeshatafuta saruji."

"Usiguse," nikamwambia. "Kuuziba kabla hatujajua kama unatembea ni kumpaka mgonjwa poda."

Nikatoa kwenye begi kipande cha kioo cha dirisha la ofisini kwetu lililovunjika, kirefu kama kidole cha kati. Ni njia ya zamani ambayo mwalimu wangu wa chuo aliipenda. Unalaza kioo juu ya ufa, unakishika huku na huku kwa donge la saruji, kisha unaandika tarehe kwa ncha ya msumari saruji ingali mbichi. Kioo hakijui kunyumbuka. Nyumba ikisogea hata unene wa unywele, kinapasuka katikati. Ukikuta kizima, nyumba imetulia. Ukikuta kimepasuka, unatoa watu ndani kwanza halafu ndipo unatafuta sababu.

Hayo yote niliyajua mimi. Sikuyasema.

Watoto walikuwa wamejazana nyuma yangu, wengine wameshaanza kunyoosha vidole waguse saruji. Mlangoni alisimama mama aliyetunza funguo za shule. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kanga imekazwa kifuani, ufagio mkononi. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka shuleni. Ndiye aliyefungua madarasa, akafagia, akachemsha uji. Alikuja akiwa msichana, na shangazi yake, amebeba mdogo wake mgongoni, walipokimbia Burundi. Alizaa huku, akazika mume huku, akaandikishwa kuomba uraia, akaambiwa asubiri cheti. Alikuwa anasubiri. Mjukuu wake alikuwa katika darasa hilo hilo, dawati la ukutani. Hayo ya uraia niliyajua kwa kuwa mwalimu mkuu alinidokeza siku ya kwanza, kama mtu anavyokutajia nani ni nani.

Basi nikageuka, nikafoka kama nilivyozoea. "Kioo hiki ni mali ya serikali! Nikirudi nikakikuta kimevunjika sitaki kusikia fulani wala fulani. Mwenye funguo ndiye nitakayeondoka naye!"

Watoto wakarudi nyuma hatua mbili. Yule mama akaitikia taratibu, "Ego, mama injinia," na ego kule ni ndiyo. Akatazama kioo kwa muda mrefu. Niliridhika. Niliona nimekiokoa kioo changu kutokana na mawe ya manati ya watoto.

Nilirudi mwezi wa sita. Kama kawaida nilipiga simu siku mbili kabla, maana kwenda kule ni safari na humtaki mwalimu mkuu awe ameitwa wilayani. Kioo kilikuwa kizima, kinang'aa. Nikaandika kwenye fomu: imetulia. Nilirudi mwezi wa kumi mvua zilipoanza. Kizima. Imetulia. Nilirudi Januari ya 2014, mvua imekolea, migomba inadondosha maji, ukungu umelala hadi saa nne. Mlango ulikuwa unakwaruza tena ingawa ulikwishapigwa randa mara mbili, na safari hii ulikwaruza juu, siyo chini. Sakafu karibu na ukuta ilikuwa na mstari mpya, mwembamba. Nikasimama hapo nikahisi kitu tumboni ambacho sikukipa jina. Nikatazama kioo. Kizima. Mimi ni mtu wa kipimo, siyo wa tumbo, nikaandika imetulia kwa mara ya tatu.

Yule mama alinisindikiza hadi kwenye pikipiki siku hiyo. Alinishika mkono kwa mikono miwili akanipa kifurushi cha maharage, akaniuliza, "Utarudi lini tena?"

"Baada ya masika."

Nilimwona akipiga hesabu ya kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilidhani anasali.

Mwezi wa tatu nilitumwa kutazama kalvati la kupitishia maji chini ya barabara lililozibwa na matope mbele ya kijiji kile. Nikiwa narudi tairi ya nyuma ikapata pancha, umbali mdogo tu chini ya shule. Nikaisukuma pikipiki hadi uwanjani. Hakuna aliyenitarajia. Mawe ya njiani yalikuwa hayana chokaa, majani hayajafagiliwa, na kwenye darasa la mwisho watoto walikuwa wanaimba hesabu za kuzidisha. Nikaingia, mwalimu akanyamaza, watoto wakasimama kunisalimia. Nikaenda moja kwa moja ukutani kwa mazoea tu.

Kioo kilikuwa kizima. Chini yake, kwenye donge la saruji, tarehe ilikuwa ile ile niliyoiandika mimi: saba, mwezi wa tatu, 2013. Ila saba ile ilikuwa na mkanda katikati, kile kimstari cha kukata mguu wake. Mimi sijawahi kuifunga saba mkanda maisha yangu yote. Nikasogeza uso. Kioo changu kilikuwa kinene, cha kijani kijani pembeni. Hiki kilikuwa chembamba, cheupe, kama cha picha.

Nikapitisha ukucha juu ya kile kimstari.

Yule mama alikuwa ameshafika mlangoni na ndoo ya maji. Wala sikufoka. Nadhani ndicho kilichomtisha. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kioo changu kiko wapi?"

Ndoo ikamtoka. Maji yakatiririka ndani ya darasa, na niliyaona, namkumbusha kila fundi ninayemfundisha, niliyaona kwa macho yangu yakikimbia yote kuelekea ukuta ule, wala hayakusita.

"Nisamehe, mama injinia. Mungu ndiye ajuaye. Sikukivunja mimi, wala watoto hawakukivunja. Kilijivunja."

"Lini?"

"Njoo," akasema. "Vyote ninavyo. Sijatupa hata kimoja."

Nikamfuata nyumbani kwake. Chumba kilikuwa safi, mkeka, kitanda, sanduku. Ukutani kulikuwa na fremu ya picha ya mwanamume aliyevaa koti kubwa, amesimama mbele ya maua ya kuchorwa, picha za zile studio za Kasulu. Fremu haikuwa na kioo. Unyevu ulikuwa umeanza kuikunja picha pembeni, na bega moja la yule mwanamume lilikuwa limeshapata ukungu.

Akavuta kopo la maziwa kutoka uvunguni, akamimina juu ya mkeka. Vioo vitano, kila kimoja kimepasuka vipande viwili, kila kimoja bado kina punje za saruji nchani. Hakuvitupa kwa sababu vilikuwa mali ya serikali.

Nikapiga magoti nikavipanga. Cha kwanza kilikuwa changu, kile kinene. Cha pili na cha tatu vilitoka kwenye kioo chake cha kujitazamia, ambacho alikikwangua rangi ya nyuma kwa wembe mpaka kikawa cheupe. Pembeni bado palikuwa na ung'aavu wa rangi ile. Vilivyofuata vilitoka kwenye fremu. Alikuwa anavikata kwa mkasi ndani ya beseni la maji ili visipasuke ovyo. Saruji alipewa na mafundi, viganja viwili viwili. Tarehe aliinakili kama alivyofundishwa kuandika akiwa mtoto kwao, saba na mkanda wake.

"Hiki kilivunjika lini?" nikamwuliza, nimeshika changu.

Hakujua tarehe, alijua mashamba. Changu kilikaa tangu nilipokiweka mpaka maharage yalipovunwa. Cha pili kilivuka kiangazi chote, ardhi ilipokuwa kavu, kikapasuka mvua ya kwanza ilipopiga. Cha tatu kilifika Krismasi. Cha nne kilikaa majuma manane. Cha tano siku kumi na moja. Hiki kilichoko ukutani sasa alikibandika Jumapili baada ya misa, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Hiki ndicho cha mwisho," akasema. "Nilikuwa nasali kifike mpaka utakapokuja. Sina kingine."

Nilivitazama vile vioo na nikasikia nyuma yangu, kupitia mlango, watoto wameendelea kuimba. Mbili mara sita kumi na mbili. Mbili mara saba kumi na nne. Nyumba ilikuwa imesema kila kitu kwa mwaka mzima, kwa lugha niliyoichagua mimi mwenyewe, na mtu pekee aliyeisikia nilikuwa nimemtisha asiseme. Nikatoka mbio. Sikumbuki kama nilivaa viatu.

Mwalimu mkuu alitaka barua. Alisema darasa haliwezi kufungwa kwa maneno ya mdomo, kuna wageni wa mkoa wanakuja, tusubiri hata Jumatatu. "Ukuta ukianguka, barua utamsomea nani?" nikamwuliza, na hapo nilifoka, nikafoka kama sijawahi kufoka, mpaka mwalimu wa chumba cha jirani naye akatoka mwenyewe na watoto wake. Watoto walitoka wakicheka, wanadhani ni sikukuu. Mjukuu wa yule mama alitoka wa mwisho kwa sababu alirudi kuchukua daftari lake kwenye dawati la ukutani. Niliuona mkono wake mdogo ukipapasa chini ya kile kioo, na sikumwondolea macho mpaka akavuka kizingiti.

Ndipo wanaume waliokuja kuangalia kelele wakaniambia habari za msingi, bila kuficha wala kutetemeka, kama habari ambayo kila mtu anaijua. Msingi ule uligawanywa vipande vinne, kila kitongoji kikapewa kipande chake, kama wanavyogawana shamba la kulima pamoja. Ni desturi yao nzuri. Wanaimba, wanashindana, na kitongoji kinachomaliza mwisho kinataniwa mpaka mavuno. Kitongoji cha juu kilichimba kwenye ardhi ngumu, kikachelewa kumaliza, kikataniwa vya kutosha. Shimo nililoonyeshwa lilikuwa kwenye kipande chao, kwa kuwa kazi yao ilikuwa nzuri na wazee walitaka niione. Kitongoji cha chini kilimaliza wa kwanza. Kipande chao, kile cha darasa la mwisho, kilipita mahali palipochimbwa udongo wa kufyatulia matofali yenyewe. Lile shimo walikuwa wamelifukia wiki chache kabla, wakalishindilia kwa miguu, wakicheza.

"Mbona hamkuniambia?"

Mmoja akasema, na hakuwa na dhihaka yoyote, "Hukuuliza, mama. Ulikuwa unagomba."

Shamba unaweza kuligawa vipande, msingi hauna vipande. Sentensi hiyo sasa imo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza.

Kabla sijaondoka yule mama alinivuta kando, nyuma ya jiko la uji. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshahukumiwa. "Mama injinia, kwenye karatasi yako, jina langu utaliandika? Wakiona nimeharibu mali ya serikali, cheti changu watanipa?"

Nilimwambia hakuharibu chochote, kwamba aliyeharibu ni mimi, kwamba kioo kile kiliwekwa pale ili kivunjike. Alinisikiliza kwa adabu yote. Nilijua haniamini hata neno moja. Serikali inaweka kioo ili kivunjike? Hata mimi nilipolisema kwa sauti nililiona ni jambo la kichaa.

Jumamosi mchana mvua ilianza kabla ya saa saba na haikukata. Mwalimu mkuu alinipigia simu. Nilisikia mvua kwenye bati lake kabla ya sauti yake. "Umelala," akasema.

"Nani?"

"Ukuta."

Nilifika kesho yake. Ukuta wa mwisho ulikuwa umeanguka wote, umeingia ndani, na lenta ilikuwa inaning'inia hewani na nondo zake nje, haifungi kitu. Madawati ya safu ya ukutani yalikuwa chini ya matofali. Hatukuyatoa Alhamisi kwa sababu tulitoa watoto kwanza, halafu mwalimu mkuu akasema madawati yana muda. Nikayahesabu. Matano, na kila moja lilikuwa linakaliwa na watoto watatu.

Niliandika ripoti. Niliandika kwamba ardhi ilititia kwa sababu ya shimo lililofukiwa, kwamba ukaguzi wa msingi ulifanyika kona moja tu, na kwamba mkaguzi alikuwa mimi. Hayo niliyaandika. Vile vioo sikuvitaja. Nilijiambia namlinda yule mama, na ni kweli nilimlinda. Ni kweli pia kwamba niliona haya kuandika kuwa mara tatu nilisimama mbele ya uongo nilioutengeneza mimi, nikaupa sahihi. Nilipewa onyo, nikahamishiwa Kasulu mwaka uliofuata. Boma jipya walilijenga upande wa juu.

Kabla sijahama nilinunua kioo Kasulu, nikakikatisha kwa kipimo cha ile fremu, nikakifunga kwenye gazeti na kukibeba kifuani njia yote ili kisipate mtikisiko. Nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akakiegemeza nyuma ya mlango. Nikamwambia ni chake, ni cha picha ya mumewe. "Ego," akasema. "Ego, mama injinia."

Mwaka 2015, watu walipoanza tena kuvuka mpaka kutoka Burundi, kazi zikatupeleka huku na huko kutengeneza mabanda na vyoo. Siku moja nikapita kilima kile. Nilimkuta uani anamenya muhogo, nyumba imejaa wageni, ndugu zake ambao hakuwa amewaona tangu utoto, wamekaa ukutani wanatazama chini. Cheti kilikuwa bado hakijafika. Mjukuu alikuwa amekua, alinisalimia shikamoo akakimbia.

Niliingia ndani kunywa maji. Fremu ilikuwa pale pale, haina kioo. Bega la mumewe lilikuwa limeshaliwa na ukungu, na sasa ukungu ulikuwa umefika shingoni. Nyuma ya mlango, kwenye gazeti lile lile, limefungwa kwa kamba ile ile, kilikuwepo kile kioo.

Aliniona natazama. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kwa haraka. Akakifungua yeye mwenyewe, mkunjo mmoja mmoja, akakinyanyua kwenye mwanga wa mlangoni. Hakikuwa na hata alama ya kidole.

"Kipo," akasema. "Nakifuta kila Jumamosi. Hakijavunjika, mama injinia. Kagua."

Alikuwa anasubiri, amekishika kwa mikono miwili, wala hakukishusha. Kwa hiyo nikainama, nikakikagua.